Mzigo chini, mtu juu: kupitisha toroli na mkokoteni kwenye mteremko

Mwenye gari akija Mombasa husema kisiwa hiki ni tambarare kama sinia. Mwenye mkokoteni hasemi hivyo. Yeye ajua kila mahali kinapoinama: njia ya kushukia feri pale Likoni, huku na ng'ambo, barabara ya daraja la Nyali unapotoka soko la Kongowea na magunia ya viazi, vichochoro vya Mji wa Kale vinavyoteremka kwenda Bandari ya Kale. Mguu wa mtu hausikii mwinuko wa upana wa kidole kwa hatua moja. Kilo mia nne zausikia.

Nilianza uhamali mwaka 1998, nikiuza maji kwa mitungi Likoni. Sasa sisukumi kila siku. Nina mikokoteni sita na matoroli mawili ya chuma ya kukodisha, na goti la kushoto lisilokunjika likaisha. Vijana wakija kukodi huuliza bei ya siku na kama tairi zina upepo. Hakuna anayeuliza atateremkaje. Basi huwaambia bila kuulizwa, na leo naandika ili nipumzishe koo.

Niseme kwanza habari ya goti, maana ndilo lililonisomesha. Mwaka 2009 duka moja la vyombo vya umeme lilitutuma tupeleke mashine ya kufulia kwa mteja Mji wa Kale. Tulikuwa na toroli la kusimama, lile la magurudumu mawili lenye bati chini linaloingia mvunguni mwa mzigo. Kichochoro kilikuwa kinashuka, wala si sana. Nikafanya kama afanyavyo kila asiyefikiri: nikatangulia mbele, toroli nikalivuta linifuate. Hatua kumi za kwanza zilikuwa raha tupu, mzigo wajiendea wenyewe, hata nikapiga mluzi. Raha ile ndiyo iliyoniponza. Gurudumu moja likakuta jiwe lililochomoza, toroli likapinda, mashine ikanijia mgongoni. Sikuwa na pa kukimbilia: mbele mteremko, nyuma kilo sabini za chuma, kushoto na kulia kuta. Nikapiga goti kwenye ukingo wa baraza ya watu. Mama mwenye nyumba akatoka na ndoo ya maji na maneno makali, yote nikapokea. Duka likanikata pesa za mkwaruzo wa mashine. Goti halikuingia kwenye hesabu.

Tangu siku ile nina kanuni moja, na mengine yote nitakayoyasema yanaifuata: mzigo ukae upande wa chini, mtu akae upande wa juu.

Kwa toroli, maana yake ni hii. Ukishuka, toroli litangulie mbele yako nawe ulishike kwa nyuma. Ukipanda, wewe utangulie, ulivute likufuate. Mzigo ukikushinda, utaondoka kwenda zake, na wewe utabaki umesimama ukiutazama. Utaupoteza mzigo. Mashine ya kufulia yanunuliwa dukani, goti sijaona linapouzwa.

Kuna jambo la mikono ambalo hakuna aliyeniambia nikaligundua mwenyewe. Kwenye tambarare unalilaza toroli kuja kwako mpaka mikono iwe miepesi ghafla. Hapo uzito umehama mikononi umekaa juu ya ekseli. Kwenye mteremko, ukishuka, ardhi unayosimama wewe iko juu kuliko ardhi ya magurudumu, kwa hiyo mishikio yakufika chini kuliko ulivyozoea, karibu na mapaja. Mtu asiyejua hulinyanyua toroli ili alishike pale alipozoea, kifuani. Akilinyanyua, amelisimamisha, akilisimamisha, jokofu lampita mbele. Kwa hiyo usiifuate mishikio kwa kuinama mgongo wala usiilete juu. Kunja magoti, viwiko vikae karibu na mbavu, nenda hatua fupi fupi kama mtu anayetafuta pete mchangani.

Wakati wa kupanda wewe warudi kinyumenyume, na macho yako yako kwenye mzigo. Usiwe peke yako. Mwenzako akae ubavuni, wala asikae chini ya mzigo, akutazamie njia: "jiwe, kushoto kwako," "mfereji, hatua mbili." Mlango wa nyumba nyingi za zamani una kizingiti, na kizingiti juu ya mteremko ndicho kinachovunja watu, kwa sababu wafika umechoka na unadhani umemaliza.

Nako kukata mteremko kwa upande, ukienda mshazari ili usichoke, ni ujanja mzuri kwa mtu mwenye ndoo kichwani. Kwa toroli ni kaburi. Gurudumu la chini likiwa chini na la juu likiwa juu, jokofu lililosimama halihitaji hata kusukumwa. Panda moja kwa moja, shuka moja kwa moja, na kona uipige ukiwa umeshafika kwenye tambarare.

Pima, usikisie

Jicho hudanganya, hasa jicho la mwenye haraka. Mimi nina ubao wa mita moja na pimamaji ya fundi. Naweka ubao juu ya mteremko, nanyanyua ncha ya upande wa chini mpaka povu la pimamaji likae katikati, kisha napima nafasi iliyobaki kati ya ncha ile na ardhi. Ikiwa sentimita 10, huo ni mteremko wa moja kwa kumi. Ikiwa sentimita 20, ni moja kwa tano, na hapo natafuta njia nyingine au watu wengine.

Hesabu yake haihitaji shule. Chukua uzito wote, mzigo pamoja na mkokoteni, ugawe. Mitungi ishirini ya lita 20 ni kilo 400 za maji. Mkokoteni wangu mkubwa, wa mbao na ekseli ya gari, ni kama kilo 100. Jumla 500. Kwenye moja kwa kumi, mteremko wakuvuta kwa uzito wa kilo 50, yaani mfuko mzima wa simiti umekuning'inia mikononi, na hiyo ni ukiwa umesimama tu hujaenda popote. Kwenye moja kwa tano ni mifuko miwili.

Mimi humhesabia kila mtu kilo 20. Si kwamba hawezi zaidi. Aweza hata 50 kwa kupiga kelele mara moja. Lakini mteremko haukuombi nguvu ya mara moja, wakuomba uishike nguvu hiyo mpaka chini, na katikati kuna mtoto anayevuka na pikipiki inayopiga honi. Kwa hiyo kilo 500 kwenye moja kwa kumi ni watu watatu, au watu wawili kwa safari mbili. Kijana akiniambia, "Mzee, nguvu ninazo," namjibu: nguvu zako za asubuhi nazijua, za alasiri bado hatujaonana.

Kupakia

Kizito chini, kizito juu ya ekseli, na kimo kisipite kifua chako. Hayo kila mtu ayajua. Lisilojulikana ni kwamba mzigo uliosawazika kwenye tambarare huacha kusawazika ukianza kupanda.

Fikiria mitungi iliyopangwa safu mbili, kitovu cha uzito kiko sentimita 60 juu ya ekseli. Kwenye moja kwa kumi, uzito ule wasogea nyuma sentimita 6. Hazionekani kitu. Lakini kilo 400 zikisogea sentimita 6, nawe umeshika mikono ya mkokoteni mita mbili kutoka kwenye ekseli, mikono ile yakunyanyua kwa kilo 12. Kwenye moja kwa tano yakunyanyua kwa 24. Nimemwona kijana mwembamba pale feri amening'inia kwenye mti wa mbele kama kanzu iliyoanikwa, miguu yachezea hewani, na wenzake wamekufa kwa kicheko badala ya kumsaidia.

Kwa sababu wewe uko juu wakati wote, ukipanda na ukishuka, uzito wakimbilia mkiani wakati wote. Kwa hiyo kabla ya mteremko sogeza mbele mtungi mmoja au gunia moja, mpaka kwenye tambarare uhisi mikono imekulemea kidogo. Uzito huo utakuudhi barabarani. Kwenye mwinuko utaushukuru.

Mitungi ijae mpaka shingoni au iwe mitupu. Mtungi wa nusu una maji yanayotembea, na maji yanayotembea hukusukuma wakati hukutarajia. Mtungi wa gesi usimame wima kwenye toroli na ufungwe kiunoni. Kulaza ni marufuku kwangu, na nikikuona umelaza sikukodishii tena.

Kufunga: mipira ya tyubu iliyokatwa utepe ni mizuri kwa kukusanya mitungi pamoja, kwa kuwa yabana. Lakini mpira hunyooka, kwa hiyo usiutegemee kuzuia mzigo usisogee mkiani. Hapo pita na kamba, kutoka ubao wa mbele, juu ya mzigo, mpaka ubao wa nyuma, kisha kaza kwa kijiti kilichopindwa.

Mkokoteni wenyewe

Tairi mbili ziwe na upepo sawa. Zote laini ni kazi ngumu tu; moja laini na moja ngumu ni mkokoteni unaokwenda anakotaka yeye, na kwenye mteremko hutaweza kumbishia. Bonyeza kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine. Tikisa kila gurudumu kwa upande: likicheza, beringi imekwisha au nati imelegea.

Halafu geuza macho chini ya mkia. Mikokoteni yetu haina breki ya mguu. Breki ni vipande vya tairi kuukuu vilivyopigiliwa chini ya ubao wa nyuma. Ukinyanyua mikono, mkia washuka, mpira wakwaruza lami, mkokoteni wapungua mwendo. Ni uvumbuzi wa maskini na mimi nauheshimu, lakini una umri. Mpira ukilika, vichwa vya misumari ndivyo vinavyokwaruza, na chuma juu ya saruji hakishiki, huimba tu. Mimi hubadilisha nikiona kichwa cha kwanza cha msumari. Vipande vya tairi la lori ni bora kuliko vya gari dogo.

Beba kabari mbili. Kata mti wa inchi nne kwa nne mshazari utapata zote mbili, gongomea mpira upande wa chini, kisha uzifunge kwa kamba fupi kwenye mkokoteni zisisahaulike. Mawe ya barabarani nayajua, nimeyatumia miaka. Jiwe la mviringo hubiringika, na jiwe zuri halipatikani dakika ile unayolihitaji. Kwenye mwinuko mrefu mpe mtu mmoja kazi ya kabari peke yake: atembee ubavuni mwa gurudumu, mnapotaka kupumua aisukume kabari nyuma ya tairi kwa fimbo. Kwa fimbo, si kwa mkono. Vidole vya mtu huyo navitaka vyote kumi.

Miguuni, usivae ndara. Akala za tairi zafaa kwenye lami kavu, lakini kwenye utelezi mguu wateleza ndani ya akala hata kama akala yenyewe imeshika. Kiatu cha kufunga chenye soli ya meno ndicho.

Likoni

Pale pahitaji maneno yake. Njia ya feri si mteremko mmoja, ni miteremko mingi kwa siku moja, kwa sababu bahari ndiyo inayoamua feri itue wapi. Maji yakijaa, feri hutua juu, kipande cha kushuka ni kifupi na saruji yake ni kavu. Maji yakipwa, feri hutua chini kabisa, na wewe wateremkia saruji ambayo saa sita zilizopita ilikuwa chini ya bahari. Ina mwani mwembamba wa kijani ambao kwa mbali waonekana ni rangi tu. Ukanyage uone.

Kwa hiyo mtu wa mkokoteni ahesabu mwezi kama mvuvi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake hapa kwetu hupita mita tatu. Siku hizo maji hutoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, halafu tena usiku saa kama hizo, na kila siku inayofuata huchelewa karibu dakika hamsini. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na njia haibadiliki sana. Mzigo mzito usio na haraka, kama simiti au vigae, mimi huuvusha maji yakiwa yamejaa. Mteja akilalamika kwamba saa nne ndiyo saa yake, namwambia aongee na mwezi.

Kushuka kwenye feri twageuza. Mkokoteni hufika kwenye ukingo wa juu, twausimamisha na kabari, twauzungusha pale pale kwenye tambarare, mkia uelekee majini. Sasa mimi niko juu nimeshika mikono, mzigo uko chini, na tunashuka kinyumenyume. Mwendo ukizidi nanyanyua mikono kidogo, mkia wakwaruza. Kidogo, nasema. Ukinyanyua kwa pupa mkia waweza kujikita kwenye ufa wa saruji na mkokoteni mzima ukataka kusimama kichwa chini. Wasaidizi wawili wakae kwenye pembe za mbele, kila mmoja upande wake nje ya gurudumu, wavute kuja juu. Hakuna mtu anayekaa chini ya mkia. Abiria hawajui hilo, hasa wanaokimbilia feri, kwa hiyo mmoja wenu awe na sauti.

Mwisho wa njia kuna ulimi wa feri, lile bati kubwa linalolala juu ya saruji. Lapanda na kushuka na mawimbi, na ukingo wake una kimo cha ngazi ndogo. Hapo usiingie gurudumu moja moja. Simama hatua moja kabla, nyoosha mkokoteni mpaka magurudumu yote mawili yaguse ukingo kwa pamoja, ngoja ulimi utulie, kisha songeni mara moja. Gurudumu moja likitangulia, mkokoteni wapinda, na mwenye kushika mikono hupigwa mbavuni na mti wa upande. Niliwahi kupigwa. Sikupumua mpaka Mtongwe ikaonekana.

Ukishaingia, kabari mbele na nyuma ya gurudumu, hata mkokoteni ukiwa mtupu. Watu wa Likoni hawajasahau gari lililorudi nyuma kutoka kwenye feri likaingia baharini Septemba 2019, likazama na mama na mtoto wake. Tangu hapo kabari kwangu si ya mzigo mzito tu.

Kutoka ng'ambo ya pili ndiko rahisi zaidi, kwa kuwa ukishauzungusha mkokoteni mikono yatangulia na mtu yuko juu. Shida ni umati. Acha watu wapite wote kwanza. Dakika tatu hazijamfilisi mtu, na kuanza kupanda halafu kusimamishwa katikati na mama mwenye kapu ni kazi mara mbili.

Daraja la Nyali, ambapo navunja kanuni yangu

Nasema wazi. Kwenye mteremko mrefu wenye matatu na malori siwezi kwenda kinyumenyume nusu kilomita. Hapo mtu atatangulia mbele na mzigo utakuwa nyuma yake, kinyume na yote niliyoyaandika. Ni hatari, na dawa yake si ujasiri, ni kamba.

Punguza mzigo kwanza. Nikitoka Kongowea na viazi, magunia ya kilo 50, kwenye tambarare napakia nane. Kwa safari ya darajani napakia matano. Funga kamba mbili kwenye pembe za ubao wa nyuma, kila moja mita tatu au nne, na kila moja iwe na mtu wake anayetembea nyuma, yaani juu. Hao ndio breki ya kweli. Anayeshika mikono mbele kazi yake ni usukani tu, na akianza kuhisi kwamba anasukumwa, aseme mapema, anyanyue mikono mkia ukwaruze, kisha wote wasimame. Asikimbie. Mkokoteni ukikukimbiza hatua tatu, ya nne si yako tena.

Kamba iwe ya katani, nene kama kidole gumba. Nailoni ni imara kuliko katani lakini hupita kiganjani kama nyembe na huacha malengelenge. Usiizungushe kwenye kifundo cha mkono wala kiunoni, hata iwe vipi. Kamba uliyoishika waweza kuiacha, kamba iliyokushika haikuachi. Ukipata nguzo au mti, kwenye mteremko mfupi wa kwenda uani kwa mfano, zungusha kamba mara mbili pale na uiachie pole pole. Nguzo itabeba uzito, wewe utabeba ncha tu. Kwa njia hiyo tulimshushia mteja pampu nzima ya kisima na injini yake tukiwa watu wawili, na mmoja wetu alikuwa amefunga saumu.

Kauli iwe moja. Kabla ya kuondoka mchagueni mtu mmoja wa kuamrisha, na maneno yawe matatu: "shika," "legeza," "kabari." Si zaidi. Nimeona watu wanne wakipiga kelele za kusaidia, kila mmoja na lake, na mkokoteni ukiwa umeshaingia kwenye kibanda cha mkaanga viazi.

Na ikitokea umekushinda, uache. Piga kelele "unakujaa!", sukuma mikono kuelekea ukuta au mchanga kama una nafasi hiyo, kisha ruka upande wa juu. Usiingie mbele kuuzuia kwa kifua. Mwenye mali atalia, atanuna, atakukata. Mlipe pole pole.

Mbao za kupakilia pikapu

Hili ni fupi. Kitanda cha pikapu kiko kama sentimita 80 kutoka chini. Ukiegemeza mbao za mita 2.4 umepata moja kwa tatu, na hapo hata mimi sipandishi jokofu. Tafuta mbao za mita nne upate moja kwa tano, au rudisha gari nyuma kwenye tuta, ukingo wa bustani, chochote kinachopunguza kimo. Mbao zifungwe kwenye ndoano za gari, si kuegemezwa tu, maana toroli likianza kupanda husukuma ubao nyuma. Katikati ya ubao weka tofali zikiupokea. Gari liwe kwenye gia na breki ya mkono, na dereva awe nje, asije akakumbuka kujibu simu na kuwasha injini.

Kisha ukimaliza kazi, kuna mkokoteni mtupu. Hapa ndipo vijana wangu wengi wanapoumia, si kwenye mzigo. Wamelipwa, wamekunywa maji ya madafu, wanarudi. Wanafika juu ya njia ya feri, mmoja anaruka juu ya ubao ateremkie kama gari la harusi. Kilo 100 za mbao na chuma, na kilo 60 za mjinga juu yake, kwenye mwani. Mkokoteni mtupu pia hugeuzwa, pia huwekwa kabari. Na ukiuacha umesimama mahali, mikono ilazwe chini upande wa juu wa mteremko, kabari zikae chini ya magurudumu, na kamba ikunjwe iwekwe kwenye ubao. Kamba ikipotea nakukata shilingi mia tatu.